Tupeane uzoefu: mambo yalipoharibika, kitu gani ulikataa kuuza?

Nianze mimi. Nilikuwa kwenye yadi ya makontena Changamwe, Mombasa. Mwaka 2019 mizigo ya bara ikaamriwa ipande reli ya SGR, malori yakalala, sisi tukaambiwa tukae nyumbani mpaka tuitwe. Hadi leo sijaitwa.

Ilitangulia televisheni, ikafuata friji, kisha makochi. Mnunuzi aliyakalia kwanza, akadundadunda kama mtoto, ndipo akataja bei ya matusi. Nikapokea. Kutoka nje akaiona mbuzi ya nazi imeegemea ukuta, akauliza, "Na hii?" Nikamwambia hapo hapana.

Ilikuwa ya mama. Ubao umelika upande mmoja kwa kukaliwa miaka, na ule ulimi wa chuma nimeunoa kwa tupa tangu nikiwa mdogo. Ukiipeleka sokoni Kongowea hupati hata shilingi 200. Lakini wiki ile ile mke wangu akaanza kuuza mbaazi za nazi na mahamri kibarazani. Mimi nakuna, yeye anakamua, tui la kasimile, lile zito la kwanza, linawekwa kando limwagwe mwisho. Mwanamume mzima nimekalia mbuzi saa kumi alfajiri, majirani wanacheka! Wakimaliza kucheka wanaleta mabakuli. Kodi ya chumba Mishomoroni ilitoka humo.

Haya, na nyie? Hotuba wekeni kando, leteni vitu.

Mama Wawili, Likoni
Feni. Chumba cha mabati, kaskazi ya Februari, na mtoto ana vipele vya joto mwili mzima. Mume akataka kuiuza, nikamwambia auze mlango kwanza. Kuna miezi hatukuwa na hela ya tokeni za umeme, ikawa kazi yake ni kutundikiwa yunifomu. Sikuiachia.

Mzee wa Zamu
Mimi nitawaharibia, maana niliuza vyote. Hoteli ya ufuoni niliyokuwa nikifanya kazi ilifungwa corona ilipoingia 2020, na kufikia Juni chumbani mlikuwa na mkeka na ndoo. Nyumba zetu za Majengo mnazijua: vyumba sita, ukumbi mmoja, ukikaanga kitunguu wote wanajua. Na usipokaanga, wanajua pia.

Bibi wa chumba cha pili akawa anabisha hodi baada ya magharibi. "Mwanangu, nimekosea kipimo, wali umezidi." Neno "msaada" hakulitaja hata mara moja. Miezi minne mtu mzima, aliyepika maisha yake yote, akakosea kipimo kila siku.

Sasa taabu ni sahani. Sahani ya jirani hairudi tupu, nilivyolelewa mimi, na cha kutia sina. Uwani kulikuwa na mndimu, nikawa nairudisha na ndimu tatu, nne. Naye anapokea kama nimemletea kilemba. Mti ni wake! Nilikuja kujua baadaye.

Kijana wa Tuktuk
Mzee wa Zamu, umenitoa machozi nikiwa steji, abiria ananiuliza kuna msiba. Mimi langu ni godoro, lakini baada ya ndimu sisemi kitu.

Mama Wawili, Likoni
Mwenye mbuzi, mbaazi bado mwauza?

Mwenye mada
Twauza, dadangu. Ila Jumapili ukifika saa mbili utakuta sufuria linaoshwa.