Tupeane uzoefu: pati za roki za enzi za kaseti na santuri, kipi kilikuwa kinaziangusha?

Sindano Butu
Wakuu, salaam. Roki ya miaka ya 70 na 80 inasakwa upya, santuri zinagombewa, watu wanafufua deki zilizolala stoo. Ukienda kwenye pati zenyewe sasa: orodha ndefu kwenye simu, spika moja imetupwa kona, saa nne usiku kila mtu kakaa. Wanaoijua kazi ile waje tupeane uzoefu. "Enzi zetu raha sana" hiyo tunaijua, waachieni wengine. Semeni ilikuwa inafanywaje na nini kilikuwa kinaharibika.

Nafungua na kaseti. C90 ni dakika 45 kila upande. LP ya roki, yaani santuri kubwa ya albamu, kwa kawaida ina dakika 20 hadi 22 kila upande, kwa hiyo albamu nzima inaingia upande mmoja wa C90, na ndicho kilichoipa umaarufu. Kwa pati lakini, C60 ndiyo ya kuaminika. Mkanda wake una unene wa maikroni kama 18, wa C90 kama 12, wa C120 kama 9. Huo wa C120 ukikutana na rola chafu unanasa, unajisokota kwenye kapstani, kijiti kinachouvuta, na muziki unakatika watu wakiwa wamenyoosha mikono juu.

Penseli HB
C120 ilikuwa laana. Sina la kuongeza.

Fundi Hedi
Umegusa penyewe. Deki ikila mkanda, kosa la kwanza ni kubonyeza kitufe cha kutoa kaseti kwa hasira. Mkanda unavutika, na ukishavutika haurudi: pale mahali wimbo utayumba milele. Fanya hivi. Zima, chomoa umeme. Fungua mlango, tazama mkanda umejizungushia wapi, mara nyingi ni kwenye kapstani, kile kijiti chembamba cha chuma kinachobanana na rola ya mpira. Kizungushe kinyume polepole, mkanda ujifungue wenyewe. Ukiwa huru, toa kaseti, ingiza penseli ya pembe sita, urudishe ndani bila kuukunja.

Ukikatika, usiutupe. Kata ncha zote mbili kwa mshazari ukiwa umezilaza pamoja, ili zikutane bila pengo. Utepe wa kuungia ubandikwe upande wa ndani, usiogusa hedi (kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda), na usizidi upana wa mkanda, yaani milimita 3.81. Selotepu ya ofisini hapana! Gundi yake inatoka pembeni, inashikanisha tabaka, na wiki ijayo unaletewa kaseti ile ile.

Na kabla ya pati yoyote safisha hedi na kapstani kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, ile ya asilimia 90 kwenda juu. Hedi ikiwa chafu sauti za juu zinapotea, matoazi yanasikika kama yamefunikwa blanketi.

Dada Matoazi
Na rola ya mpira usafishe na nini, fundi? Maana hapo ndipo watu huua deki.

Fundi Hedi
Spiriti hiyo hiyo, kidogo, kisha ifute ikauke.

Mzee wa Bugi
Hapana kaka. Spiriti inakausha mpira, ukienda nayo muda mrefu rola inakuwa ngumu inang'aa, haishiki tena. Maji ya vuguvugu na tone la sabuni, basi.

Fundi Hedi
Mzee wangu, maji kwenye mashine yenye chuma na mota? Rola ikishang'aa ni uzee, spiriti inasingiziwa. Inabadilishwa.

Mzee wa Bugi
Nani kasema uimwagie? Pamba iwe na unyevu tu. Nyie mafundi wa siku hizi kila kitu "inabadilishwa".

Sindano Butu
Tuhamie santuri kabla hamjagombana rasmi.

Gramu Mbili
Santuri nakuja nayo mimi, maana kwenye pati ina maadui watatu.

Wa kwanza ni besi. Spika zikiwa juu ya meza moja na deki ya santuri, mtikisiko unapita kwenye mbao, unafika kwenye sindano, sindano inautafsiri kuwa muziki, unarudi kwenye spika mkubwa zaidi, na mzunguko unaendelea hadi ukumbi mzima unanguruma. Ukisikia mngurumo unaopanda wenyewe bila ngoma kupigwa, punguza sauti papo hapo, mambo mengine baadaye. Dawa ni kuitenga deki: kigae kizito cha zege chini yake, na chini ya kigae mipira ya tenisi iliyokatwa nusu au godoro dogo la sponji. Spika zikae chini, mbali, kwenye stendi zake.

Wa pili ni miguu. Sakafu ya mbao ikirukwa na watu thelathini, sindano inaruka. Hapo mtu anabandika sarafu juu ya kichwa cha sindano. Usifanye hivyo. Kadiriji, yaani hivyo vichwa vinavyobeba sindano, nyingi za kawaida zinataka uzito wa gramu 1.5 hadi 2, za madijei gramu 3 hadi 4. Sarafu inapita mipaka yote, inachimba mifereji, na hasara inaonekana kwanza kwenye sauti za juu. Kama sakafu ni ya mbao, sogeza deki kwenye kona, karibu na ukuta, ambako mbao hazibonyei sana.

Wa tatu watu hawamjui: ni umbo la santuri lenyewe. LP inazunguka mara 33⅓ kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini mfereji wa nje ni mrefu, wa ndani mfupi. Ukingoni sindano inapitiwa na kama sentimita 51 za mfereji kila sekunde, karibu na lebo kama 21 tu. Habari ile ile imebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Ndiyo maana nyimbo za mwisho wa upande huchakaa mapema, herufi "s" zinapiga miluzi. Ukitaka wimbo mzito wa gitaa uchezwe kwa kelele, tafuta ulioko mwanzo wa upande, au uwe nao kwenye sahani yake ya mzunguko wa 45.

Penseli HB
Hiyo ya tatu imenifumbua macho.

Besi Nzito
Mmesahau ufundi wenyewe, yaani kuunganisha nyimbo. Huwezi kuchanganya roki kama unavyochanganya disko. Wapiga ngoma wengi wa roki wa enzi hizo walirekodi bila mlio wa kuwaongoza. Kiitikio kikifika wanachangamka na mwendo unapanda, ubeti ukirudi wanatulia. Ukizioanisha ngoma za nyimbo mbili, baada ya mizunguko minane tayari zinagongana kama viatu kwenye ngazi.

Halafu kuna kile kitelezi cha kasi. Deki ya Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979 inakupa asilimia 8 kila upande, watu wanaona ni uhuru. Ukiongeza asilimia 6 tu, wimbo umepanda nusu toni nzima. Wimbo wa gitaa ambao kila mtu anaujua kwa kichwa, nusu toni inasikika, mwimbaji anakuwa kama amevaa suruali inayombana. Asilimia 2 au 3 ndiyo mwisho wangu.

Kinachofanya kazi ni kukata. Shika santuri ya pili kwenye pigo la kwanza, sikiliza kwa hedifoni, wimbo wa kwanza ukifika mwisho wa mstari wa nne au wa nane unaachia na kufunga ule mwingine kwa mkupuo. Roki imejaa nyimbo zinazoanza na gitaa peke yake au ngoma peke yake, hizo ni milango, zitumie. Na usiweke wimbo unaobadilika sura katikati ukitegemea watu wacheze. Ule wa Queen wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody, una dakika 5 na sekunde 55 na mwendo unabadilika njiani. Watu wataimba, hawatacheza. Ufungie usiku, au upige wakati umeme wa jukwaa unarekebishwa.

Mpira wa Vioo
Au pigeni disko tu yaishe, mwendo haubadiliki na watu wanacheza.

Mzee wa Bugi
Umekuja kuharibu mada.

Mpira wa Vioo
Mzee, ukweli usemwe. Nusu ya pati za roki zilikuwa watu wamesimama wanatikisa vichwa. Na ninyi mashabiki wa roki mna historia: Julai 12, 1979, Chicago, uwanja wa Comiskey Park. Mtangazaji wa redio ya roki kaita watu waje na santuri za disko, kiingilio senti 98, zikalipuliwa katikati ya michezo miwili ya besiboli. Watu wakavamia uwanja, nyasi zikaharibika, mchezo wa pili haukuchezwa na wenyeji wakapoteza kwa sheria. Santuri ambazo hazikukusanywa mlangoni zilikuwa zinarushwa kutoka majukwaani kama visahani. Vipande vya plastiki hivyo, vina makali.

Dada Matoazi
Halafu mwaka uliofuata Queen hao hao wakatoka na wimbo wenye besi ya disko mtupu, na kumbi za roki zikaucheza. Pigeni vyote viwili jamani.

Mzee wa Bugi
Kama ni mikasa, wa Chicago ni mchezo wa watoto. Semeni Montreux.

Desemba 4, 1971, Uswisi, kasino ya Montreux kando ya ziwa. Frank Zappa na bendi yake wanapiga. Mtu mmoja kati ya watazamaji anafyatua bastola ya fataki kuelekea dari. Dari imefunikwa vitu vikavu vinavyoshika moto haraka. Jengo lote limeungua, vyombo vya Zappa vimeteketea, na aliyekuwa akiongoza tamasha la pale, Claude Nobs, anasaidia watu kutoka. Hakuna aliyekufa. Bendi ya roki ya Deep Purple walikuwa mjini kurekodi humo humo kasinoni kwa kutumia studio ya lori ya Rolling Stones. Wamebaki na lori, hawana ukumbi. Wakahamia jengo jingine, majirani wakalalamikia kelele, mwisho wakarekodi kwenye korido za hoteli iliyofungwa kwa msimu wa baridi. Moshi ule juu ya ziwa ndio ukawa Smoke on the Water, kwenye albamu ya Machine Head ya mwaka 1972. Na Zappa, siku sita baada ya moto, yuko London jukwaani, mtu akampandia na kumsukuma hadi shimo la wanamuziki. Aliumia vibaya.

Penseli HB
Siku sita??

Gramu Mbili
Siku sita, Desemba 10. Na kwa wenye magitaa: ule mwanzo wa Smoke on the Water, Blackmore, mpiga gitaa wa Deep Purple, haupigi kwa kipande cha plastiki. Anavuta nyuzi mbili kwa vidole kwa mpigo mmoja. Ukizikwaruza zinasikika moja baada ya nyingine, ndiyo maana ya kwenu haifanani na ya kwake.

Sindano Butu
Mzee kateka uzi mzima. Turudi kwenye pati, ila funzo la dari tulichukue.

Omu Nane
Nalichukua mimi, maana moto kwenye pati huanzia pia kwenye waya. Spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ukiziunga sambamba amplifaya inaona omu 4. Nne sambamba, omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani hapo zinachemka kisha zinanyamaza. Ukiwa na nne, unga mbili kwa mfululizo, nyingine mbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo sambamba: unarudi omu 8 kamili.

Kinachounguza twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, mara nyingi ni amplifaya ndogo iliyofunguliwa hadi mwisho. Ikielemewa, mawimbi yanakatwa vichwa, na joto la ziada linamalizikia kwenye ule waya mwembamba wa twita. Ukisikia gitaa limekuwa kama mchanga, shusha. Na msidanganywe na wati: ukiziongeza mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, watu hawatagundua sana. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu unahitaji wati mara kumi. Ni nafuu kusogeza spika karibu na wachezaji.

Dada Matoazi
Masikio nayo. Desibeli 85 unavumilia saa 8, kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwenye 100 ni dakika 15. Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, walikuwa na rekodi ya bendi yenye kelele kuliko zote, The Who waliishika mwaka 1976, baadaye wakaifuta kabisa ili watu wasishindane kuharibu masikio.

Besi Nzito
Vizibo vya masikio vipo, wekeni mlangoni. Desibeli 100 zibaki.

Mpira wa Vioo
Taa hamjazigusa. Mpira wa vioo unataka taa moja tu, mwali mwembamba, kutoka ubavuni, na uzunguke taratibu, kama mara moja kwa dakika. Wengine wanaelekeza taa tano, nukta zinafutana ukutani. Taa ya kumwekamweka isizidi miale 4 kwa sekunde, kuna watu inawaangusha kifafa. Wapenzi wa roki ya miaka ya 60 wakitaka ukuta uliojaa rangi zinazoelea, ule wa ukumbi wa Fillmore East wa New York, ni projekta ya juu ya meza na vioo viwili vya saa ya ukutani vilivyobonyea. Chini maji yenye rangi, juu mafuta ya madini yenye rangi nyingine, bonyeza kioo cha juu kwa mpigo wa ngoma.

Mzee wa Bugi
Leo umesema kitu.

Penseli HB
Na bluzi, zile nyimbo za taratibu za kucheza wawili wawili, ziwekwe lini?

Besi Nzito
Tatu mfululizo, karibu na mwisho. Ikizidi hapo watu wanaaga.

Dada Matoazi
Mbili, katikati. Ukingoja mwisho, waliokuwa wanataka kucheza pamoja wameshaondoka na watu wengine.

Penseli HB
Sawa. La mwisho: santuri imepinda. Nimesikia unaibana kati ya vioo viwili unaiweka juani.

Mpira wa Vioo
Ndiyo, nusu saa.

Gramu Mbili
Usithubutu. Plastiki ile inalainika kwenye nyuzi 60 na kitu, na kioo juani kinafika huko bila wewe kujua. Santuri itabaki imenyooka, ila bila mifereji. Ibane kati ya vioo ndani ya nyumba, vitabu vizito juu, iache wiki kadhaa.

Penseli HB
Wiki kadhaa? Pati ni Jumamosi.

Gramu Mbili
Basi piga kaseti. Ila isiwe C120.