Mjadala: Kuwaita Waingereza wa TUC (shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Uingereza) mwaka 1956, Mboya aliviokoa vyama vya wafanyakazi au alivifunga mdomo?

Wadau, kuna hoja haiishi kuhusu viongozi wawili wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya ya kikoloni: Makhan Singh alikuwa mpiganaji, Tom Mboya alikuwa mtu wa kupiga magoti London. Siikubali, ingawa kuna sehemu inaniuma kwa sababu ni kweli.

Tangu 1937 sheria ya koloni la Kenya ilidai vyama vya wafanyakazi visajiliwe, na ile ya 1952 ikamwongezea msajili nguvu. Makhan Singh na Fred Kubai waliunda muungano wa vyama, East African Trade Union Congress, mwaka 1949. Serikali ikakataa kuisajili, wao wakaendelea. Mei 1950 wakakamatwa, Nairobi ikagoma, na Makhan Singh hakuachiwa mpaka Oktoba 1961. Ujasiri huo hakuna wa kuupinga. Ila muungano wenyewe ulikwisha.

Sasa njooni kwenye Hali ya Hatari, iliyotangazwa 1952 kupambana na Mau Mau. KAU, chama cha siasa cha Waafrika, kilipigwa marufuku Juni 1953. Aprili 1954 Operesheni Anvil, msako mkubwa wa serikali ya kikoloni, ikazoa maelfu ya watu Nairobi, viongozi wa vyama wakiwemo. Mwafrika aliyetaka kusema bila kufungwa alibakiwa na nini? Shirikisho la vyama vilivyosajiliwa, ambalo Mboya alikuwa katibu mkuu wake. Mwaka 1956 serikali ikatishia kulifutia usajili kwa madai kwamba linafanya siasa. (Kana kwamba mshahara wa Mwafrika katika koloni ungeweza kujadiliwa bila siasa!) Mboya wakati huo alikuwa masomoni Ruskin College, Oxford, na huko ndiko walikokuwa watu wa kubishiwa hodi. Vincent Tewson, katibu mkuu wa TUC, akasafiri mpaka Nairobi kuzungumza na serikali. Usajili haukufutwa.

Bei yake: shirikisho likakubali kujizuia na siasa. Hapa ndipo wapinzani wangu hunibana, na wana haki. TUC ilitaka vyama vya kudai mshahara na saa za kazi, habari za uhuru ziachiwe wengine. Lakini tazameni kilichofuata: Machi 1957 Mboya akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Nairobi, jina lake likiwa limejengwa na vyama hivyohivyo. Ahadi ile haikumfunga sana, naona.

Kinachoniuma ni kwamba ushawishi ule ulitetea usajili wa shirikisho moja, mamlaka ya kusajili na kufuta yakaachwa palepale. Serikali huru iliyarithi. Mwaka 1965 ikalivunja shirikisho hilohilo na kuunda COTU, muungano mpya wa vyama vya wafanyakazi, rais akiwa na kauli ya mwisho kuhusu nani awe katibu mkuu. Mboya alikuwa waziri katika serikali hiyo.

Kwa hiyo nawauliza mnaosema mgomo ungetosha mwaka 1956: wafanyakazi wengi wa Nairobi wakiwa kizuizini, angegoma nani?