Naenda Guangzhou, China, mwezi ujao, vipi kuhusu chaja na pawabanki?

MamaVitenge
Habarini za humu wadau, shikamooni wakubwa wote. Mwezi ujao nakwenda Guangzhou kufuata mzigo, ndo mara ya kwanza natoka nje ya Afrika Mashariki, napitia Addis, halafu nikishamaliza Guangzhou nakata ndege ya ndani niende Yiwu. Sasa kinachoninyima usingizi siyo mzigo, ni simu. Naambiwa kule kulipa ni simu, ramani simu, kuongea na mwenye duka unaandika kwenye simu inakutafsiria, yaani simu ikizima umekuwa bubu na hela huna hapo hapo. Nina simu mbili, laptopu, pasi ya nywele na pawabanki ile kubwa ya 30,000 nilichukua Kariakoo. Naulizaje sasa, hizi plagi zetu za pini tatu kule zinaingia? Umeme wao hauunguzi chaja? Na ni kweli ukichaji uwanja wa ndege kwenye yale matundu ya USB wanakukomba hela kwenye simu? Shoga yangu kanitisha na hilo la mwisho mpaka naogopa. Naombeni mtu aliyefika anijibu, siyo wa kubahatisha.

XiaobeiKwetu
Karibu sana dada. Kwenye umeme ondoa wasiwasi, China ni volti 220 hertz 50 na sisi ni 230 hertz 50, hapo hamna tofauti ya maana, hata hiyo pasi yako ya nywele itapata moto kama nyumbani. Kinachosumbua ni umbo la tundu. Soketi za kule nyingi unakuta juu kuna matundu mawili, chini kuna matatu bapa yamekaa mshazari. Yale mawili ya juu mara nyingi yanapokea pini bapa na pini nyembamba za duara, kwa hiyo chaja ya pini mbili za duara inaingia bila adapta, lakini plagi yetu ile nene ya pini tatu haiingii hata ufanyeje. Nunua adapta hapa hapa Dar kabla hujaondoka, maana ukifika usiku umechoka na simu ina asilimia 6 hutataka kuanza kuzunguka mtaa usioujua.

Halafu kuna hili la hoteli. Umeme wa chumba unawaka ukichomeka kadi ya mlango kwenye kiboksi hapo unapoingilia. Ukitoka na kadi yako umeme wa chumba wote unakatika, ukaacha simu ya pili na pawabanki zinachaji ukaenda sokoni mchana kutwa, unarudi jioni unakuta ziko vile vile ulivyoziacha. Omba kadi ya pili mapokezi uiache imechomekwa. Wakikataa angalia soketi ya friji, hiyo mara nyingi haikatiki.

fundi_volti
Dada tuanze na hiyo pawabanki, maana unaweza kuagana nayo kabla hujaiona Guangzhou yenyewe.

Kwenye ndege hawaangalii mAh, yaani hiyo namba yako ya 30,000, wanaangalia wati-saa, zinaandikwa Wh nyuma ya pawabanki kwa maandishi madogo. Kama hujaziona piga hesabu, chukua mAh zidisha kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1000. Yako 30,000 inakuja 111. Kiwango cha kupita bila kuomba ruhusa kwa mtu ni 100, kuanzia hapo mpaka 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza, ikizidi 160 haipandi kabisa. Ya 20,000 ni 74, hiyo inapita vizuri. Na zidisha kwa 3.7 siyo kwa 5, seli za ndani ndo zina 3.7, ile 5 ni ya kutokea kwenye waya.

Pili, pawabanki inakaa kwenye begi la mkononi siku zote, usiitie kwenye begi linaloshuka chini ya ndege. Betri ya lithiamu ikianza kuungua inajipasha yenyewe na moto wake hauzimiki kirahisi, ikitokea juu wahudumu wanaiona na kuimwagia maji, ikitokea kule chini hakuna wa kuifikia. Siyo hadithi hizi, tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua pale uwanja wa Gimhae Korea Kusini kabla haijaruka, abiria wote wakatoka, wachunguzi wakasema inaelekea moto ulianzia kwenye pawabanki iliyokuwa kwenye kabati la juu. Tangu hapo mashirika mengi yamebana. Emirates kuanzia 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa mtu, chini ya Wh 100, na ndani ya ndege huruhusiwi kuichaji wala kuchajia simu. Soma masharti ya shirika lako kabla ya safari.

Na kubwa zaidi kwako wewe ni hiyo ndege ya Yiwu. China tangu 28 Juni 2025 ndege zao za ndani haupandi na pawabanki isiyo na alama ya 3C, yaani herufi CCC ndani ya umbo kama yai. Isiwepo au iwe imefutika, wanaitoa pale pale kwenye ukaguzi. Za Kariakoo nyingi hazina, geuza yako uangalie sasa hivi.

MtuWaPosta
Mkuu mbona watu wanapita na za 30,000 kila siku kwenda Dubai na hawaulizwi, acheni kumtisha mama wa watu.

fundi_volti
Kupita wanapita, inategemea umemkuta nani kwenye mashine. Lakini yeye anakwenda China, na pale hawabishani, unaambiwa weka kwenye pipa, umeme wako na hela yako vimeishia hapo. Pawabanki ambayo maandishi yake yamefutika nayo ni hivyo hivyo hata kama ni ndogo, hawana namna ya kujua ina Wh ngapi.

MamaVitenge
Nimegeuza jamani, hakuna yai wala nini, imeandikwa 30000 tu na picha ya radi 😭 sasa nafanyaje?

XiaobeiKwetu
Iache nyumbani itakufaa umeme ukikatika. Beba ndogo ya 10,000 ya kukufikisha, ukifika nunua yenye 3C duka la uhakika, kule ndo kwao zinakotengenezwa bwana, utapata. Au ya Guangzhou kwenda Yiwu panda treni ya mwendokasi, ina soketi pale chini kwenye siti, unachaji huku unaangalia milima. Mimi napenda treni kuliko ndege kwa safari za ndani, mzigo wa mkononi unabeba wa kutosha.

Na ukikwama mjini kuna pawabanki za kukodi, zimepangwa kwenye vikabati mlangoni mwa migahawa na maduka, unaskani kwa Alipay au WeChat, zile programu zao za kulipia kwa simu, inachomoka moja, unaitumia unairudisha hata kwenye kikabati cha mtaa mwingine. Ila ona mtego wake, kuikodi kunataka simu iwe na chaji! Usisubiri ifike asilimia 1.

Kodi_na_Chai
Nijibu la USB maana ndo kazi yangu. Shoga yako hajatunga, Aprili 2023 ofisi ya FBI, wapelelezi wa Marekani, ya mji wa Denver iliandika kabisa watu waepuke kuchaji bure kwenye viwanja vya ndege, hoteli na maduka makubwa. Waya wa USB unapitisha umeme na data pamoja, kwa hiyo kitaalamu tundu lililochezewa linaweza kujaribu kuongea na simu yako. Lakini visa vilivyothibitishwa vya abiria kuibiwa hivyo ni vya kutafuta kwa tochi, na simu za siku hizi ukichomeka zinakaa kwenye kuchaji tu mpaka wewe mwenyewe uruhusu. Ikikuuliza kama unaiamini kompyuta hii na wewe hujachomeka kompyuta yoyote, kataa na uchomoe. Dawa rahisi ni kutumia kichwa chako cha chaja kwenye soketi ya ukutani, soketi haina data. Waya wa kuokota au wa kuazima kwa mtu usiyemjua pia acha.

Kinachoibiwa kwelikweli viwanja vya ndege ni simu yenyewe. Mtu kaichomeka nguzo ya tatu kule, yeye kalala benchi huku mdomo wazi. Hapo Addis una masaa ya kusubiri, kaa pembeni ya chaja yako.

Bin_Mattrah
Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, huku soketi ni hizi hizi za kwetu za pini tatu, volti 240, na soketi za Dubai na Doha ni vile vile, kwa hiyo wanaokuja upande huu wasipoteze pesa kununua adapta. Nlitaka nimwambie dada kitu kuhusu zile chaja atakazorudi nazo za pini mbili bapa. Sote twaujua ule mchezo, unachokonoa tundu la juu kwa kalamu au kijiti hadi vifuniko vya ndani vifunguke kisha unasukumiza pini mbili chini. Lile tundu la juu ni la waya wa ardhi, pini yake ni ndefu makusudi itangulie kufungua. Ukilazimisha, pini bapa hazibani sawasawa mle ndani, zinagusa nusu, zinatoa cheche, na plastiki inaanza kuwa kahawia pole pole. Chaja ya simu utaponea pengine, lakini pasi au birika la umeme usithubutu. Na plagi yetu ina fyuzi ndani yake, ile ya pini mbili haina.

shemeji_wa_Columbus
Samahani kuteka uzi wa watu. Wifi yangu anakuja likizo kutoka Marekani anataka kuniletea pasi ya nywele na blenda, anasema atanunua adapta tu. Si itakuwa sawa?

fundi_volti
Hapana, mzuie mapema. Adapta inabadilisha umbo la pini, volti haigusi. Marekani ni volti 120 hertz 60. Kifaa cha kupasha moto cha 120 ukikichomeka kwenye 230 kinavuta nguvu karibu mara nne ya kilichotengenezewa, kinanuka dakika ya kwanza na kinakufa ya pili. Aangalie kibandiko, kama pameandikwa INPUT 100-240V 50/60Hz alete, chaja za simu na laptopu karibu zote ziko hivyo. Pakiandikwa 120V peke yake aache huko. Kuna transfoma za kushusha umeme ndiyo, ila ya kubeba blenda ni zito kama tofali na bei yake unapata blenda mpya Kariakoo na chenji. Na zile ekstensheni za kwao zenye kinga ya radi nazo asilete, nyingi ni za 120.

MamaVitenge
Asanteni sana, mmenifungua macho. Kwa hiyo 30,000 inabaki, nabeba ndogo. Chaja ya laptopu nimeangalia imeandikwa 100-240, za simu moja imeandikwa hivyo, nyingine ile ya elfu tatu haina maandishi yoyote na ikichaji inakuwa moto. Na betri ya simu ya pili kama imetuna kidogo, kava halikai vizuri.

fundi_volti
Hiyo betri usipande nayo ndege, ikishavimba imeharibika, badilisha wiki hii hii. Chaja ya elfu tatu itupe, zile ndani upande wa umeme mkubwa na upande wa waya wa simu vinakaribiana mno, siku vikikutana volti 220 inakuja mkononi. Tafuta kichwa kimoja cha wati 65 chenye matundu matatu, kinachaji laptopu kama inatumia USB-C na simu zote mbili, adapta moja inakutosha. Ila adapta hiyo usiichomekee pasi ya nywele pamoja na vingine, na usiku chaji mezani, siyo kitandani chini ya mto.

XiaobeiKwetu
La kumalizia kutoka kwangu. Alipay fungua ukiwa bado Dar na uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard kabisa, wanatuma namba za uthibitisho kwenye laini yako, na benki inaweza kukuuliza kama ni wewe. Mambo hayo kuyafanyia Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, na simu inapumulia mashine ni mateso. Na nenda na waya wa ziada, waya ndo hufa kwanza.