Naomba ushauri: nifanyeje nisikike kwenye raundi ya wodi?

Wakuu, habari zenu. Nina miezi minne kwenye ustawi wa jamii hospitalini. Kukaa na wagonjwa na ndugu zao naweza. Kinachonishinda ni raundi. Daktari bingwa, wauguzi, mfamasia, kila mmoja anasikilizwa. Mimi naulizwa tu mgonjwa akikosa ndugu au hela.

Juzi kati mzee mmoja anayeishi peke yake aliruhusiwa na insulini ya kujichoma. Mimi nilijua haoni namba za kwenye bomba la sindano. Nikaanza na habari za watoto wake, na kabla sijafika kwenye macho daktari akawa kitanda cha pili. Siku ya tatu mzee karudishwa, sukari imeshuka vibaya. Linaniuma mpaka leo.

Muuguzi wa wodi: Pole sana. Ulikuwa na taarifa nzito kuliko zote pale, ukaiweka mwisho. Anza nayo: “Haoni namba za sindano na hana wa kumchoma. Naomba asiruhusiwe leo mpaka apatikane mtu.” Basi. Habari za watoto ziandike kwenye faili. Tena usingoje raundi, mwone muuguzi wa zamu asubuhi na mapema. Tukijua, tunalisema pamoja nawe.

Afisa ustawi mwenzio: Usikubali kuwa mtu wa bili. Dkt. Richard Cabot alianzisha kazi hii Massachusetts General Hospital, Boston, mwaka 1905, kwa kuona matibabu yanakwama kwa sababu ya hali ya mgonjwa nyumbani. Kwa hiyo macho ya yule mzee yalikuwa sehemu ya tiba. Ila chunga siri: toa kinachogusa matibabu, kwa ridhaa yake, na si kwa sauti ya kusikika kitanda cha jirani.

Daktari: Lawama usiibebe peke yako. Mgonjwa wa insulini haruhusiwi kabla hajavuta dozi mwenyewe mbele yetu, na hilo lilikuwa juu yetu. Nikiondoka kitandani hujamaliza, niite. Wengi wetu tutasimama.

Mleta uzi: Asanteni sana. Kesho kuna mama anaruhusiwa na kidonda cha kufungwa kila siku, na mikono yake inatetemeka. Nimeshaandika sentensi zangu mbili, na muuguzi wa zamu namwona saa moja asubuhi.