Keshia wa benki, SACCOS, supamaketi au kituo cha mafuta: pa kuanzia ni wapi?

Mlango_wa_Kwanza
Wakuu, habari za jioni. Swali hili linarudi kila wahitimu wanapotoka vyuoni, basi tulijibu mahali pamoja. Mtu ana cheti cha kidato cha sita au stashahada ya uhasibu, anataka kazi ya kushika fedha. Hapa Tanzania milango ya kawaida ni minne: dirisha la benki, SACCOS (chama cha akiba na mikopo) au kampuni ya mikopo midogo, supamaketi, na kituo cha mafuta. Wapo pia wanaoanzia kibanda cha wakala wa fedha kwa simu.

Naomba tusibishane juu ya mshahara peke yake, maana unabadilika kwa mkoa na kwa mwajiri. Tutazame mtu anajifunza nini, shoti (upungufu wa fedha wakati wa kufunga hesabu) inamwangukia nani, na baada ya miaka miwili anaweza kuhamia wapi.

Kaunta_Namba_3
Nianze na benki kwa sababu ndiyo inayotamaniwa, na wengi hawajui siku yake ikoje.

Asubuhi unapokea fedha kutoka kwa keshia mkuu. Unahesabu mbele yake, ndipo unasaini. Ukisaini kwanza, upungufu wowote umeshakuwa wako. Mteja akileta amana, fomu inasomwa kabla ya fedha kuguswa: jina, namba ya akaunti, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, mchanganuo wa noti. Kisha noti zinapangwa upande mmoja, zinapitishwa mkononi, zinawekwa kwenye mashine, na mteja anaona kila hatua. Muhuri ni wa mwisho kabisa. Keshia anayegonga muhuri kabla ya kuhesabu ameshakiri kupokea fedha ambazo hajaziona.

Kwa nini mkononi kabla ya mashine? Mashine nyingi za kaunta zinahesabu vipande tu, hazijui thamani. Kibunda cha noti 100 za elfu kumi ni milioni moja. Ndani yake ikijificha noti moja ya elfu mbili, mashine itasoma 100 na wewe utafunga jioni na shoti ya 8,000. Ikijificha ya elfu tano, shoti ni 5,000. Kwenye kibunda cha elfu tano, noti ya elfu mbili inakupa 3,000 na ya elfu moja inakupa 4,000. Keshia mzoefu akisikia kiasi cha shoti tu, anajua avunje vibunda gani kwanza.

Na fedha ikizidi kiwango ulichopangiwa dirishani, unaipeleka chumba cha fedha, ambako mlango unafunguliwa na watu wawili wenye funguo tofauti. Usikubali kamwe kumwachia mwenzako ufunguo wako "dakika mbili tu". Nywila ya mfumo ni vivyo hivyo, hata kwa bosi.

Mhasibu_wa_Ushirika
Kaunta hapo juu kaeleza vizuri, ila kwa anayeanza mimi naipendekeza SACCOS kwanza. Benki kazi imegawanywa: wewe unapokea na kulipa, leja (kitabu kikuu cha hesabu) inajijaza kwenye mfumo, na usuluhishi wa hesabu unafanywa na watu ambao huenda usiwaone. SACCOS ndogo keshia anaandika stakabadhi, anaandaa hati ya malipo, anajaza daftari la fedha, anapeleka fedha benki, na mwisho wa mwezi anakaa na taarifa ya benki kuilinganisha na daftari lake. Hayo ya mwisho ndiyo uhasibu wenyewe.

Ila chagua SACCOS yenye leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, watoa huduma wamepangwa katika madaraja manne, na SACCOS zipo daraja la tatu, leseni yao inatoka Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Siku ya usaili uliza mambo matatu: nani anaidhinisha malipo, nani anaandika daftari, na nani anashika fedha. Jibu likiwa "wewe peke yako" kwa yote matatu, ondoka. Siku hesabu ikigoma hutakuwa na shahidi hata mmoja.

Dada_wa_Risiti
Jamani, supamaketi inadharauliwa bure. Kwa mwenye kidato cha nne au cha sita ndiyo nafasi inayopatikana kwa haraka, na inafundisha kasi na uvumilivu kwa wateja kuliko kwingine.

Unaanza na chenji ya droo, tuseme 50,000, umeihesabu na kusainishana na msimamizi. Jioni fedha taslimu ukitoa hiyo 50,000 inatakiwa ilingane na mauzo ya taslimu ya mashine. Ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku kutoka mashine ya EFD (ile ya risiti za kodi), hutolewa kila siku. Ukisahau, mauzo ya siku mbili yanachanganyika na hutajua shoti ni ya zamu ipi. Bidhaa ikiingia mara mbili, mwite msimamizi aifute papo hapo mteja akiwepo. Usiahidi kurekebisha baadaye.

Noti ya mteja usiiingize kwenye droo mpaka umemaliza kurudisha chenji. Ibane juu ya droo, itaje kwa sauti: "elfu kumi." Hiyo peke yake inamaliza ule ubishi wa "nilikupa kumi, si tano".

Malipo ya lipa namba yathibitishe kwenye simu au skrini ya duka. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si uthibitisho, unaweza kuandikwa na mtu yeyote.

Pampu_Mbili
Kituo cha mafuta nacho kina hesabu safi kuliko watu wanavyodhani. Mita haidanganyi: asubuhi imesoma lita 18,400, jioni 19,250, umeuza lita 850. Kwa bei ya mfano ya 3,000 ni 2,550,000. Toa lipa namba na mafuta ya mkopo, tuseme 700,000, mkononi uwe na 1,850,000.

Makosa ni mawili. Kwanza, kupokea zamu bila kusoma mita wewe mwenyewe. Pili, kipimo: mkaguzi akimimina lita 20 kwenye kopo la vipimo kisha zikarudishwa tangini, mita imezihesabu lakini hazikuuzwa. Zisipoandikwa kitabuni siku hiyo hiyo, 60,000 inakusubiri jioni. Na bei kikomo ya EWURA (mamlaka inayodhibiti bei za mafuta) ikibadilika, soma mita saa ile bei inapobadilishwa, la sivyo lita za bei ya zamani zitahesabiwa kwa bei mpya.

Mlango_wa_Kwanza
Asanteni sana. Shoti je? Kuna waajiri wanakata yote kwenye mshahara wa mwezi huo huo.

Wakili_wa_Kijiwe
Hapo sheria iko wazi, ndugu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: ili ukatwe kufidia hasara, lazima iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, mwajiri akupe maandishi yenye sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, nawe upewe nafasi ya kupinga. Kisha jumla ya makato isizidi robo ya ujira wako wa fedha. Mkataba usemao "shoti yoyote itakatwa yote mara moja" usitie saini kabla ya kukihoji kipengele hicho.

Kaunta_Namba_3
Naongeza njia za kuitafuta shoti kabla ya kufika huko. Tofauti ikigawanyika kwa 9, shuku tarakimu zimepinduka: 630,000 imeingizwa 360,000, tofauti ni 270,000. Shoti ikiwa 400,000, tafuta muamala wa 200,000: huenda malipo yameingizwa kama amana, na kosa la namna hiyo huzaa mara mbili. Ziada nayo iandikwe na kuripotiwa. Keshia anayeficha ziada ili aifidie shoti ya kesho ameshapoteza kazi, tofauti ni tarehe tu.

Floti_Daima
Kwa wakala kanuni ni moja: taslimu + floti (salio lililo kwenye simu ya wakala) = mtaji. Ulianza na 1,000,000. Mchana una taslimu 620,000, basi floti iwe 380,000, kamisheni pembeni. Kagua kila baada ya saa chache, usingoje usiku. Ila ukiwa wakala wa mtaji wako, hasara yote ni yako, hakuna kifungu cha 28 cha kukuokoa. Na ukiomba kazi benki baadaye utahitaji barua ya mtu anayejua kazi yako, kwa hiyo tunza madaftari.

Mhasibu_wa_Ushirika
Anayelenga benki asisubiri tangazo ndipo ajiandae. Benki nyingi hutaka stashahada au shahada, hivyo anayeanzia supamaketi asome jioni. Chuo cha Benki Kuu Mwanza, IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha) na CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara) wana kozi zinazohusika. Ukishaingia, kuna mitihani ya Taasisi ya Wanabenki (TIOB). Lipa pia mikopo yako ya simu, kwa kuwa taarifa za mikopo zinaweza kuangaliwa. Na asiyekuwa na cheti lakini akaombwa "hela ya fomu" ili apewe ajira, ajue hapo hakuna ajira.

Dada_wa_Risiti
Swali moja, Kaunta. Mteja akileta noti za zamani kabisa dirishani?

Kaunta_Namba_3
Noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zilibadilishwa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Muda huo umeisha, hupokei, unamweleza mteja kwa upole na kumrudishia. Noti bandia ni tofauti: hairudi kwa mteja. Unaizuia, unaandika namba yake na jina la aliyeileta, unamwita msimamizi mteja akiwa bado amesimama pale. Itazame kwenye mwanga utafute sura ya Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi, kagua uzi, kisha pitisha kucha juu ya maandishi uone kama yanakwaruza.