Hivi Saban aliletwa Alabama na nani? Acheni kumpora marehemu mzee Mal Moore jasho lake

Wakuu salamu. Leo nina povu na nalitoa lote, asiyependa uzi mrefu apite kushoto mapema.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye nyama choma kwa mshikaji mmoja hapa Birmingham, Wabongo na Wakenya kadhaa, tv imetolewa nje barazani, stori zikatoka kwenye siasa zikaingia kwenye futiboli ya vyuo. Naongelea hii ya Marekani, ya kuvaa helmeti na kugongana kama mabasi, msije mkanijazia humu mambo ya Simba na Yanga. Akaanza bro mmoja, mtu namheshimu, kanizidi miaka kama minne hivi na tulishawahi kukaa naye nyumba moja enzi za shule. Akasema Nick Saban, yule kocha, kuja Chuo Kikuu cha Alabama ilikuwa hela tu, chuo kina matajiri, matajiri wakatoa mkwanja, mtu akaja. Mwingine akadakia hapana bwana, sifa ni za rais wa chuo, yule ndo aliyesaini. Wa tatu, huyu kahamia huku 2016, kakuta timu inakula ubingwa kama karanga, yeye akasema eti Saban alikuwa anakuja tu, chuo kikubwa kama kile lazima angekuja.

Alikuwa anakuja tu! Kama mvua za masika!

Nikaweka sahani chini. Na mi sio mtu wa kuacha mbavu za mbuzi zikiwa za moto, wanaonijua wanajua.

Sasa sikilizeni. Mi 2006 nilikuwa Tuscaloosa, mji wenye hicho chuo, mwanafunzi, sina gari, sina koti la maana, na ile Novemba mji ulikuwa kama una msiba. Auburn, mahasimu wetu wa jimbo hili hili, walikuwa wametufunga 22 kwa 15, na hiyo ilikuwa mara ya tano mfululizo. Jamaa wa Auburn akikukuta dukani wala hakutukani, anakunyooshea kiganja, vidole vitano, anakitikisa kile cha gumba maana ndo cha mwaka huo, halafu anaendelea kuchagua maziwa yake. Mwisho wa mwezi kocha Mike Shula akafukuzwa. Na aliyemfukuza ndo huyo huyo aliyemwajiri, mzee Mal Moore, mkurugenzi wa michezo wa chuo.

Kwa wasiojua, mkurugenzi wa michezo kwenye vyuo vya huku ndo mwenye mzigo wote. Yeye ndo anatafuta kocha, yeye ndo anaenda kuwapigia magoti wafadhili, na yeye ndo jina lake linatukanwa redioni asubuhi mpaka jioni timu ikifungwa. Rais wa chuo anasaini, sawa, lakini hamna anayempigia rais simu saa tano usiku kumwambia ana akili za kuku.

Na mzee alitukanwa nyie. Mlikuwa hamjafika, ndo maana mnaongea mnavyoongea. Mwanzoni mwa Desemba alimfuata Rich Rodriguez, kocha wa chuo cha West Virginia, habari zikaenea kila kona kwamba dili limekwisha, watu wameshaanza kushangilia, tarehe 8 Rodriguez akasema habanduki, anabaki kwao. Aibu ile! Chuo cha Bear Bryant, yule kocha gwiji wa zamani, kinatoswa hadharani kama bwana harusi aliyeachwa na bibi harusi mlangoni pa kanisa. Halafu tarehe 21 Saban mwenyewe, wakati huo ni kocha wa Miami Dolphins, timu ya kulipwa kule Florida, akawaambia waandishi wa habari bila kupepesa macho kwamba hatakuwa kocha wa Alabama. Kasema kwa mdomo wake, mbele ya kamera. Mtu wa kawaida hapo anakunja mkeka anaenda kutafuta kocha wa bei ya kawaida.

Mzee hakukunja. Alisubiri msimu wa Dolphins uishe, mechi ya mwisho ilikuwa Desemba 31, na mwaka mpya tarehe 1 watu wako nyumbani na maharage yao (huku kusini mwaka mpya bila kunde na mboga za majani haujaingia) yeye kapanda ndege ya chuo kwenda Florida. Miaka 67. Na aliwahi kusimulia mwenyewe kwamba aliwaambia marubani, nikirudi kwenye ndege bila Saban msinirudishe Tuscaloosa, nipelekeni Cuba moja kwa moja. Watu wanacheka wakisikia hiyo ila mi naona nusu yake haikuwa utani. Angerudi mikono mitupu kwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, wangemla nyama.

Hela, hela, hela. Haya, tuongelee hela. Mkataba ulikuwa miaka 8 dola milioni 32, na kweli watu walishika vichwa, kocha wa chuo kulamba milioni 4 kwa mwaka kipindi kile ilikuwa kama kufuru. Lakini nani kawaambia upande wa pili kulikuwa na njaa? Mwenye Dolphins alikuwa Wayne Huizenga, bilionea, hela ya kumbakiza Saban alikuwa nayo na kumbakiza alikuwa anataka. Sasa kama ni hela tu, mtu anatoka kwa bilionea kwenda chuoni kufanya nini? Na chuo cha Texas A&M nao walikuwa na hela, 2002 wakatuchukulia kocha wetu Dennis Franchione, jamaa akaondoka bila hata kuwaaga vijana wake. Ile hela ikawanunulia nini? Miaka mitano, kashinda 32 kafungwa 28, kwaheri. Michigan je? Michigan wakaja kumchukua huyo huyo Rodriguez aliyetutosa sisi, chuo kina hela na kina jina, miaka mitatu kashinda 15 kafungwa 22. Hela ni ngazi tu wakuu, mtu wa kuegemeza ngazi kwenye ukuta unaotakiwa ndo kazi. Na ukuta ule alikuwa anauona mzee peke yake, wengine wote tulikuwa tunaona ukungu.

Kuna wanaosema sifa zote apewe Miss Terry, mke wa Saban, kwamba yule mama alikuwa hayapendi sana maisha ya NFL, ligi ya kulipwa, anapenda mji wa chuo. Mi huyo simkatalii, huyo apewe, tena apewe na zawadi. Ila nani alienda mpaka nyumbani kwake akakaa akaongea naye? Rais wa chuo? Wafadhili? Mzee alijua kabisa kwamba kwenye ile nyumba kuna mlango wa mbele na kuna mlango wa jikoni, akaujua upi wa kugonga. Hiyo ni akili ya mtu mzima, huwezi kuinunua.

Halafu kuna wale wachambuzi wa kahawa wanasema tuwashukuru madaktari wa Dolphins, maana 2006 Saban alikuwa anamtaka mchezaji Drew Brees, madaktari wakasema bega lile halifai, wakamchukua Daunte Culpepper badala yake, Brees akaenda New Orleans akawa nyota mkubwa. Kwamba wangemsajili Brees Saban asingeondoka Miami. Sawa, inawezekana, na mi ningezaliwa Oman ningekuwa nauza manukato. Tunaongelea mtu aliyefanya kazi jamani, sio nyota.

Sasa hapa ndo mtaniwahi, kwa hiyo naanza mwenyewe. Ndiyo, mzee kabla ya Saban alisajili magalasa. Alimleta Franchione, akakimbia. Akamleta Mike Price, yule hakuongoza hata mechi moja, Mei 2003 akatimuliwa baada ya ule ujinga wa kilabu cha wacheza uchi Pensacola. Akamleta Shula, mtoto wa nyumbani, uwanjani kashinda 26 kafungwa 23, kijana mpole lakini upole haukabi mtu. Bro wangu alivyofika hapo akapiga meza, eeh unaona, mzee alibahatisha, ukirusha mawe manne moja litagonga embe.

Haya. Lakini mbona lile la Price halikuwa la wote? Mbona matajiri hawakujitokeza kusema Price ni wetu, sisi ndo tulilipia? Mbona rais hakusema mi ndo niliyesaini? Wakati ule kila mtu alikuwa anajua jina moja tu, Mal Moore, Mal Moore, Mal Moore afukuzwe. Na mnasahau alikuwa anasajili akiwa kafungwa kamba miguuni, Februari 2002 NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wameipiga timu adhabu, miaka miwili hamna mechi za mwisho wa msimu na nafasi 21 za ufadhili wa wachezaji zimekatwa. Nani mwenye akili timamu angekuja? Mtoto akifeli ni wa mama yake, akipata daraja la kwanza ukoo mzima unashona sare. Hiyo tabia nilidhani tuliiacha nyumbani, kumbe na wazungu wanayo, na sisi tumeibeba kwenye begi tukaja nayo.

Tarehe 3 Januari 2007 nilikuwepo pale uwanja wa ndege wa Tuscaloosa. Ni kauwanja kadogo tu, watu wamejazana kwenye uzio, baridi, mtu kabeba mtoto begani, mwingine kaja na sare ya kazini. Saban akashuka, watu wakapagawa, kuna mama mmoja alimkumbatia akambusu kabisa kwenye kamera na Saban hata sura hakukunja, au labda alikunja, yule kocha sura yake ni moja tu. Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Na mnajua nini? Sikumbuki kumwona mzee Moore akishuka. Alikuwa kwenye ndege ile ile, na mi, ninayewatolea povu leo, sikumtafuta hata kwa macho. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko hayo maneno yenu ya barazani.

Mwaka wa kwanza wenyewe haukuwa asali. Novemba 2007 tulifungwa nyumbani na Louisiana-Monroe 21 kwa 14, timu ambayo inaletwa ili ipigwe ichukue hundi iondoke. Unajua redio zilianza na nani wiki ile? Na mzee, milioni 32 zimepotea, mzee hajui kazi. Mwaka uliofuata Auburn wakala 36 bila, vile vidole tukavikunja wenyewe kimoja kimoja. Kisha ubingwa wa msimu wa 2009, 2011, 2012, 2015, 2017, 2020. Sita. Ghafla kila mtu alikuwa chumba cha mkutano. Kila mtu alishauri, kila mtu alipiga simu, kuna mpaka fundi wa viyoyozi kazini kwetu anasema shemeji yake ndo alimshawishi wakala. Kila mwamba ngoma anavutia kwake ila jamani hii ngoma ina ngozi moja tu.

Mzee alifariki Machi 30, 2013, siku 10 tu baada ya kuachia ofisi kwa sababu ya afya. Aliyaona makombe matatu kati ya hayo sita, nashukuru Mungu. Saban kastaafu Januari 2024, kiwanja kimepewa jina lake, sanamu lipo tangu 2011, anastahili vyote, simbanii hata kimoja. Ila nenda leo pale chuoni muulize kijana wa mwaka wa kwanza Mal Moore ni nani, atakwambia ni jengo. Ni jengo kweli. Miaka yote ile Saban alikuwa anaenda kazini kwenye jengo lenye jina la mtu aliyemfuata Florida, na hawa vijana wanapita chini ya yale maandishi na simu mkononi wanabishana kocha kaletwa na nani.

Turudi kwa bro wangu, maana najua anasoma humu na jina lake silitaji, tunaheshimiana. Bro, ile Desemba 2006 tulikuwa tunakaa wote. Ulikata kifuniko cha boksi la pitsa ukakibandika kwenye friji, na kila asubuhi kabla hujaenda kipindi unachora mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, siku ngapi Alabama haina kocha. Vitano vitano, kama mfungwa. Juu uliandika kwa herufi kubwa MOORE MUST GO, yaani Moore lazima aondoke. Ilifika mistari thelathini na kitu, mi mwenyewe niliihesabu nikisubiri maji ya ugali yachemke. Siku Saban anatua ulikibandua ukakikunja ukakitia kwenye pipa, ukavaa jezi nyekundu ukatoka mbio, hata mlango hukufunga.

Sasa kabla hujaniambia tena habari za matajiri, jibu hapa chini watu wote wasome: ile mistari aliichora tajiri gani?