Kwa nini polio iliisumbua India kwa muda mrefu ilhali chanjo ilikuwapo?

Nuru K. ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninasomea afya ya jamii na nimepewa kazi ya darasani kuhusu kampeni za chanjo ya polio kwa watoto nchini India. Ninafahamu kwamba siku za kitaifa za chanjo zilianza huko mwaka 1995, kwamba mtoto wa mwisho kupoozeshwa na kirusi cha asili (yaani kisicho cha kwenye chanjo) aliugua Januari 2011 katika wilaya ya Howrah, jimbo la West Bengal, na kwamba Machi 2014 kanda nzima ya Kusini-Mashariki mwa Asia ya Shirika la Afya Duniani, ambamo India imo, ilithibitishwa kuwa haina tena kirusi hicho. Kinachonitatiza ni miaka iliyo katikati. Matone ya chanjo yalitolewa bure, tena yalipelekwa hadi mlangoni, lakini mwaka 2009 India bado ilikuwa na wagonjwa 741, karibu nusu ya wagonjwa wote wa polio duniani. Maelezo mengi niliyosoma yanaishia kusema kwamba wazazi wa Kiislamu waliikataa chanjo. Je, hiyo ndiyo sababu kuu, au kuna mengine ninayopaswa kuyatazama?

Mkunga Mstaafu amejibu:

Mwanangu Nuru, kukataa kulikuwapo, hasa magharibi mwa jimbo la Uttar Pradesh, katika maeneo kama Moradabad na Aligarh, lakini ukikutaja bila kueleza chanzo chake utawaonea watu wale. Kati ya mwaka 1975 na 1977, wakati wa hali ya hatari, serikali iliendesha kampeni ya kufunga uzazi ambayo iliwafikia mamilioni ya wanaume, wengi wao wakiwa maskini waliolazimishwa au kushinikizwa. Baba aliyeyaona hayo akiwa kijana, halafu akaletewa mlangoni dawa ya bure ya watoto na watumishi wa serikali ileile, asingeshindwa kuamini uvumi kwamba matone hayo yanaleta ugumba.

Kulikuwa na manung'uniko mengine ambayo mimi binafsi nayaona yalikuwa ya haki kabisa. Mtaa hauna maji safi, mfereji wa maji taka unapita mbele ya mlango, zahanati haina dawa ya homa, lakini kila baada ya wiki chache watu wanabisha hodi kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu. Baadhi ya vijiji vilisema waziwazi kwamba havitapokea matone mpaka vitengenezewe barabara au vipelekewe umeme.

Kilichosaidia ni kuwatumia watu wa palepale. UNICEF na washirika wake waliunda mtandao wa wahamasishaji, wengi wao wanawake wa mtaa husika, waliowajua wajawazito na watoto wachanga kwa majina. Maimamu walitangaza siku ya chanjo misikitini, na vyuo vikuu kama Aligarh Muslim University na Jamia Millia Islamia vilitoa wasomi waliokwenda kuzungumza na familia. Katika kila nyumba timu iliandika ukutani kwa chaki: herufi P ikiwa watoto wote wamepata, X ikiwa yupo aliyekosa. Kazi ngumu ilianzia kwenye hizo X, kwa kuwa timu ilipaswa kurudi tena na tena mpaka herufi ibadilike. Mtoto aliyepata alipakwa wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

Maabara amejibu:

Namheshimu sana Mkunga Mstaafu na nakubaliana na historia aliyoitoa, lakini sikubali kwamba hapo ndipo ulipokuwa ugumu mkubwa zaidi. Katika majimbo ya Uttar Pradesh na Bihar, wengi wa watoto waliopooza hawakuwa wamekosa chanjo. Walikuwa wameipata, na wengine mara nyingi.

Chanjo ya matone ni virusi hai vilivyodhoofishwa, ambavyo ni lazima viote katika utumbo ndipo mwili ujenge kinga. Mtoto anayeharisha mara kwa mara, mwenye lishe duni, anayeishi penye msongamano na maji machafu, ana utumbo uliojaa vijidudu vingine vinavyoizuia chanjo isishike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba katika Uttar Pradesh dozi moja ya chanjo inayobeba aina zote tatu za kirusi cha polio iliwakinga takriban asilimia 9 tu ya watoto dhidi ya kirusi cha aina ya 1, wakati kwingineko nchini India ilikuwa takriban asilimia 21. Hesabu mwenyewe ni dozi ngapi zinahitajika hapo, katika jimbo ambalo huzaliwa watoto milioni 5 hivi kila mwaka, kila mmoja akiwa hana kinga.

Ndiyo maana mwaka 2005 ilianza kutumika chanjo ya aina ya 1 peke yake, ambayo ilishika vizuri zaidi kwa kuwa haikugombania nafasi na aina nyingine. Wagonjwa wa aina ya 1 walipungua, lakini aina ya 3 ikapata mwanya, na mlipuko wake uliitesa Bihar na Uttar Pradesh kuanzia mwaka 2007. Ufumbuzi ulikuja Januari 2010 kwa chanjo inayobeba aina ya 1 na ya 3 kwa pamoja, kwani aina ya 2 ya asili ilikuwa imekwisha kutoweka duniani tangu mwaka 1999, na mgonjwa wake wa mwisho alitoka Aligarh. Mwaka huo wa 2010 wagonjwa walishuka kutoka 741 hadi 42.

Safari Ndefu ameongeza:

Msiwasahau wanaohama. Familia kutoka Bihar husafiri kwenda kufanya kazi katika tanuru za matofali na maeneo ya ujenzi ya Delhi, Punjab na Mumbai, na mtoto aliye njiani hayumo katika daftari la kijiji chochote. Ilibidi timu ziwekwe kwenye vituo vya mabasi na vya treni, hata ndani ya mabehewa. Kwenye bonde la mto Kosi, ambako mafuriko hukata vijiji, wachanjaji walikwenda kwa mashua na kwa miguu wakiwa wamebeba masanduku ya barafu. Kila kichupa kina alama ya mraba mweupe ndani ya duara. Mraba ukikolea hadi ukalingana na duara, chanjo imeharibiwa na joto na hairuhusiwi kutumika.

Nuru K. ameuliza tena:

Asanteni sana. Kwa hiyo, ndugu Maabara, unanishauri niliondoe kabisa suala la wazazi kukataa?

Maabara amejibu:

Hapana, usiliondoe, liunganishe na udhaifu wa dozi. Chanjo inapohitaji kurudiwa mara nyingi, ni lazima mlango ufunguliwe mara nyingi, na kila duru inampa mzazi nafasi mpya ya kuchoka au kushuku. Mzazi aliyemwona mtoto wa jirani akipooza baada ya kupewa matone mara kumi alikuwa na sababu ya kuuliza maswali, na hakustahili kuitwa mjinga. Ni kweli kwamba watoto wa Kiislamu walikuwa wengi miongoni mwa waliopooza kupita uwiano wao katika idadi ya watu, lakini familia zao nyingi ziliishi katika mitaa yenye msongamano mkubwa na mifereji mibovu, yaani palepale chanjo iliposhika kwa shida. Kwa takwimu zako, tenganisha watoto ambao hawakupata dozi yoyote na wale waliopata saba au zaidi, wilaya kwa wilaya. Tazama pia mpango wa mwaka 2009 uliolenga tarafa 107 za Uttar Pradesh na Bihar, kwa sababu huo uliongeza matibabu ya kuhara, unyonyeshaji na usafi juu ya matone. Hapo utaona maombi ya wanavijiji aliyoyataja Mkunga Mstaafu yakiingia katika mpango rasmi kwa sababu za kitabibu.